Mama wa Macho na Kope Zilizofichwa

Shida ilinianza mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa. Mwaka huo tulihamishiwa kijiji kipya, mahindi yakakauka yakiwa yamefika magotini, na mama yangu akaanza kutembea ameshika ukuta mchana kweupe. Alikuwa na vikope. Kwa asiyejua, vikope ni ugonjwa unaoanza utotoni na nzi na uchafu wa uso, na mtu akifika utu uzima ngozi ya jicho inajikunja ndani, kope zinaelekea kwenye mboni na kuisugua kila anapopepesa. Ni kama kuishi na mchanga machoni miaka kumi. Dawa yetu ilikuwa kibano. Fundi mmoja alitukunjia kipande cha chuma, na kila baada ya siku chache mama alilaza kichwa mapajani mwangu nikazing'oa kope moja moja. Shule niliiacha darasa la pili. Mama alikufa kipofu. Nimeyasema hayo mjue nimetokea wapi, basi. Ninayemwandika hapa si mama yangu, wala si mimi.

Ninamwandika daktari mmoja wa macho, mwanamke, niliyemfanyia kazi miaka kumi na saba. Jina lake silitaji, hapendi. Huku Hanang, kuanzia Endasak hadi mbugani kwa wafugaji, aliitwa Mama wa Macho, na hilo linatosha.

Kazi yake haikuwa kutibu tu. Wanaotibu wako wengi. Yeye alikuwa mlezi wa madaktari. Walikuja kwake watu ambao tayari ni madaktari wa macho, wanajua kukata na kushona, naye akawafundisha kuuliza. Upasuaji huu unadumu au unatudanganya? Kwa nini kijiji hiki kinapofuka na cha jirani hakipofuki? Wenyewe wanaita utafiti. Kila mmoja alikaa naye miaka miwili au mitatu, wiki hii chumba cha upasuaji, wiki ijayo vijijini na mafomu. Nimewahesabu waliopita mikononi mwake nikiwepo: kumi na mmoja. Wengine leo ni wakubwa, wakipita na magari hawanitambui. Si kitu. Njia za mbugani niliwaonyesha mimi.

Tulikutana kwenye tope. Nilikuwa nauza chumvi kwa punda, boma kwa boma, na gari lake lilikuwa limezama kwenye udongo mweusi upande wa Basotu, matairi hayaonekani. Yeye alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa, anasoma. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika bila kuinua macho. Nikaleta maksai wa mtu ninayemfahamu, tukalivuta gari. Wakati wanavuta, yeye alisogea mbali sana, hadi kwenye kichuguu. Nikadhani ni majivuno. Baadaye nikajua: alikuwa anaogopa ng'ombe. Mtu anayeshika jicho la binadamu kwa wembe bila mkono kutetemeka, akiona ng'ombe anageuza kichwa, anaruka. Na kazi yake yote ilikuwa kwa wafugaji! Miaka kumi na saba niliingia maboma ya watu mbele yake nikipiga fimbo chini, na yeye nyuma yangu amenishika koti.

Siku ile ya tope aliniuliza, "Baba, Kidatoga unakijua?"

"Nakijua. Chumvi hainunuliwi kwa Kiswahili huku."

"Na wanawake wanaong'oa kope unawajua wako maboma gani?"

"Nawajua wote. Wengine nimewauzia vibano."

Hapo ndipo aliponitazama. "Kesho uje Katesh, saa moja. Ukichelewa usije."

Nilifika saa kumi na mbili. Yeye alifika saa tatu. Ndivyo alivyokuwa. Kuhubiri muda alihubiri, kuutunza hakuutunza, na ukimwambia anasema mgonjwa alimshika. Mara nyingine ilikuwa kweli.

Daktari mpya akija, wiki ya kwanza hakumpa tochi wala koti jeupe. Alimkalisha kwenye benchi la wagonjwa, kwenye foleni, kuanzia asubuhi mpaka kliniki inafungwa, na daftari dogo. Jioni alitaka maswali matatu ambayo mwenyewe hajui majibu yake. Mmoja alikuja kutoka hospitali kubwa, viatu vinang'aa, akasema, "Lakini Mama, mimi ni daktari bingwa."

"Bingwa wa nini?"

"Wa macho."

"Vizuri. Kaa hapo uyatumie."

Akakaa. Saa sita hivi bibi mmoja wa Endagikot, aliyeletwa na wanawe kutoka Mbulu, akamwona yule kijana ameinama amenuna, akamshika goti. "Usilie mwanangu. Nawe utaitwa tu. Ni jicho gani?" Watu benchi zima wakacheka, na kijana mwenyewe ikabidi acheke. Jioni ile alileta swali zuri kuliko yote, nasikia: kwa nini watu wa Mbulu wanawaleta wazee wao hospitali na wa mbugani wanawasubiri madaktari waje. Mama wa Macho alilisoma mara mbili, akasema, "Sasa unaweza kuvaa koti."

Sifa hakuwa nazo za kugawa. Akisema "inaweza kusomeka" kuhusu andiko lako, hiyo ni sherehe. Alikuwa na kalamu nyekundu, na nimewaona watu wazima, wana ndevu, wanashuka kwenye gari kwenda kusimama peke yao kwenye shamba la mahindi ya watu baada ya kurudishiwa karatasi zao. Akishamaliza kumkata mtu hivyo, alimenya chungwa, akampa nusu. Hakusema pole. Ilikuwa chungwa, au karanga, au alimshonea kifungo kilichokatika kwenye koti, kwa ile mishono yake midogo ya macho.

Maneno yake ninayo mengi. "Daktari anayejua jibu kabla ya swali ni mganga asiye na kibuyu." "Fomu haina macho, wewe unayo." Lingine alipenda kuwaambia wakati wa kula: "Mgonjwa hakudanganyi. Anakujibu ulichomwuliza." Hilo lilikuja kutugharimu, nitalieleza.

Mimi mwenyewe alinifundisha. Nilipoanza nilikuwa nasoma kwa kidole. Alinipa fomu tupu niende nazo nyumbani, nizinakili kwa mkono: jina, kijiji, umri, jicho la kulia, jicho la kushoto. Kiswahili hiki ninachoandika nimekitoa kwenye fomu zake. Siku nilipomwandikia ukurasa mzima kuhusu njia ya kwenda boma fulani, alichukua ile kalamu nyekundu. Nilikasirika nikataka kuondoka. Akaniambia, "Baba Paskali, hao wenzako nawasahihisha kwa sababu watanisaidia. Wewe je, nikuache?" Nikakaa.

Lakini aliyefundisha watu kuuliza, yeye hakuulizika. Ana watoto? Sijui. Aliolewa? Sijui. Miaka kumi na saba nimekula naye ugali sahani moja na sijui kama anapenda maharage au anayavumilia. Ukianza kuuliza anakujibu, "Tuna safari ya Mulbadaw kesho, mafuta yapo?"

Na alichoka. Hili nataka lieleweke, maana watu wakimsifu siku hizi wanasema hakuchoka. Uongo. Alichoka mwaka wa kwanza nilipomjua, akaendelea hivyo hivyo. "Nimechoka, Baba Paskali," alisema anapofunga mlango wa gari, kama wengine wanavyosema twende. Alichoka na barua za kuomba kibali cha utafiti, zinazokwenda na kukaa miezi, zinarudi zinauliza kitu kilichoandikwa ukurasa wa pili. Wafadhili nao walikuja na fulana na kuondoka na picha. Alichoka kulea daktari miaka mitatu, akishaiva anachukuliwa mjini anakaa kwenye ofisi yenye feni. Na macho yenyewe yalimchosha. "Kila mwaka macho yaleyale," alisema, "kwenye nyuso nyingine." Mimi nilikuwa namjibu, na chumvi ni ileile, Mama, lakini watu wanakula kila siku. Hakucheka. Aliegemea kioo akalala mpaka Katesh.

Sasa nije kwenye hilo jambo.

Alikuja daktari mmoja nitakayemwita Daktari Kijana. Mtu wa Moshi huko, mwembamba, mwenye heshima. Shikamoo yake haikukosa hata kwa mlevi, mradi ana mvi. Wafugaji walimpenda kwa sababu alikunywa maziwa bila kuuliza yamekaa siku ngapi. Swali lake lilikuwa hili. Vikope vinatibiwa kwa kuikata ngozi ya jicho na kuigeuza, kope zitazame nje tena. Ipo namna ya zamani ya kukata, ambayo Mama wa Macho aliifanya maisha yake yote na kuwafundisha wengine. Ikaja namna mpya. Ipi inadumu? Basi wanawake wa vijiji saba walipigiwa kura ya kubahatisha, nusu wakakatwa kwa namna ya zamani, nusu kwa namna mpya. Baada ya mwaka mmoja Daktari Kijana angewatazama wote aone ni kope za akina nani zimerudi kuchoma mboni. Aliwatazama bila kuambiwa nani alikatwa vipi, ili moyo usimpotoshe. Mama wa Macho naye alikaa pembeni kabisa, hakuja vijijini mwaka huo wa kutazama. Aliyewakusanya wanawake nilikuwa mimi, na pikipiki.

Kwa Daktari Kijana kulikuwa na kitu kizito. Kulikuwa na nafasi ya kwenda kusoma nje, nafasi moja, na waliomwahidi walitaka andiko la utafiti likiwa limekamilika kabla ya mwezi wa sita. Akichelewa, anapewa mwingine. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, na nafasi kama hiyo, aliniambia, hairudi.

Tulimaliza kutazama mwishoni mwa mwezi wa tatu. Majibu yalikuwa mazuri ajabu. Kope karibu zote zimetulia, za namna ya zamani na za namna mpya. Hakuna mshindi, zote mbili zinadumu. Daktari Kijana aliandika, akapeleka kwa mlezi wake, akasubiri kalamu nyekundu. Siku zikapita. Wiki ikapita. Karatasi hazirudi. Akanituma kuuliza, nikaambiwa anasoma.

Wiki ya tatu Mama wa Macho akatuita wote wawili, Katesh, kile chumba nyuma ya kliniki. Fomu zilikuwa mezani, mafungu mawili. Mchana, jua linaingia dirishani, na yeye amevua miwani.

"Hawa wanawake," alimwuliza, "uliwatazama kwa kioo cha kukuzia?"

"Kwa tochi na kioo, Mama. Wote."

"Ulitazama nini?"

"Kope zilizoelekea ndani."

"Vishina je? Kope zilizong'olewa zinaacha vishina."

"Nilitazama kope, Mama. Foleni ilikuwa ndefu. Niliwauliza kama zinachoma, wakasema hazichomi."

"Hazichomi lini?"

Mama wa Macho akachomoa fomu moja katika fungu, akaigeuzia kwangu. Ilikuwa ya Bibi Udageda, mama mmoja mzee wa mbugani mwenye mikono inayotetemeka. Jicho la kulia: safi. Jicho la kushoto: safi.

"Baba Paskali. Bibi huyu ulimleta wewe?"

"Nilimleta mimi."

"Asubuhi ulipomfuata bomani, alikuwa anafanya nini?"

Jamani, mimi si mtu wa kuogopa. Nimelala porini na punda na fisi wanacheka karibu. Lakini hapo jasho lilinitoka. Kwa sababu nilijua, na nilikuwa nimejua tangu siku ya kwanza.

Nikasema. Nikasema kwamba kila boma nililofika asubuhi ile, wanawake walikuwa wamekaa nje na vibano. Wanang'oana. Kope zilikuwa zimerudi, si za wote, za wengi. Hata hivyo, mtu huendi mbele ya aliyekusaidia ukiwa na kope zinazochoma. Ni aibu, na aibu hiyo inamwangukia yeye. Mtu amekupa kibuyu kizuri cha maziwa, kikapasuka. Akija kukutembelea utamtolea vipande avitazame? Unavificha. Unamwambia kibuyu kipo, asante, kipo salama. Hiyo ndiyo adabu. Mimi nilikulia humo, sikuona ajabu. Na Bibi Udageda mikono yake ilikuwa haishiki kibano vizuri, machozi yanamtoka, jua limemchoma, hawezi kufungua macho apande pikipiki. Kwa hiyo nilimng'olea mimi. Za kulia na za kushoto. Na wengine wawili watatu njiani.

Daktari Kijana alisimama. "Mzee! Umeniua."

"Sikukuua, Daktari."

"Miaka miwili! Mimi nimekaa huku miaka miwili, nimeacha mke, na wewe una kibano mfukoni? Ulikuwa unanitazama naandika safi, safi, safi, umekaa kimya?"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Nikuulize kama unawang'oa wagonjwa wangu kope?"

"Wagonjwa wako? Mimi nimeng'oa kope hujazaliwa."

"Kaeni," alisema Mama wa Macho. Hakupaza sauti. "Nyote wawili ni wajinga na mimi ni wa tatu. Kaeni."

Tukakaa. Kijana alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Akasema polepole kwamba labda inawezekana kueleza mwishoni mwa andiko, aya moja, kwamba baadhi ya wanawake huenda waling'oa. Wengine wanafanya hivyo, wanaandika mapungufu. Nafasi isipotee.

"Baadhi ni wangapi?" aliuliza mlezi wake.

"Hatujui."

"Basi hutaandika usilolijua. Kope zinaota wiki ngapi?"

"Sita hivi, Mama."

"Utawatazama upya baada ya wiki nane. Wote."

"Mwezi wa sita utakuwa umepita."

"Utakuwa umepita," akasema. Chungwa lilikuwepo mezani siku hiyo. Hakulimenya.

Mimi nikasema hata wiki nane zikipita watang'oana tena, maana wakisikia ni yeye aliyemtuma Daktari, adabu ni ileile. Wataficha vizuri zaidi. Akawa anagonga meza kwa kalamu. Kisha akaniuliza kitu nilichoona hakihusiani. "Huku mtu akikuwekesha ng'ombe wake umchungie, ng'ombe akafa, unamwambia yupo salama?"

"Hapana! Unampelekea ngozi."

"Kwa nini?"

"Bila ngozi wewe ni mwizi. Umemla au umemuuza. Ngozi ndiyo inasema ukweli. Mwenye ng'ombe hakasiriki akiiona ngozi."

"Basi nenda boma kwa boma. Waambie sikuwapa kibuyu. Yale macho ni ng'ombe wangu nimewawekesha, na nataka ngozi. Anayeng'oa kabla sijaona ananiibia."

Nilikwenda. Wiki nzima, pikipiki, na mvua zilikuwa zimeanza, njia za mbugani zimekuwa uji. Nilisema maneno hayo kwa Kidatoga kila boma. Wanawake walicheka kwanza, wakaniambia, mzee wa chumvi, leo umekuja kudai ngozi za macho? Kisha mmoja mmoja wakakubali. Bibi Udageda alitupa mate chini, akaniuliza, "Hatakasirika?"

"Hatakasirika."

"Na wewe ulining'olea kwa nini?"

Nikamwambia nilitaka kazi ya Mama wa Macho ionekane nzuri. Akasema, "Hata mimi." Tukawa tumekaa hivyo, wazee wawili waongo kwa ajili ya mtu mmoja.

Daktari Kijana aliwatazama wote upya, na vishina pia, na kioo. Hakunisemesha kwa wiki tatu isipokuwa kwa kazi: Mzee kushoto, Mzee simama. Nafasi yake ilikwenda kwa mwingine mwezi ule wa sita. Alipata ujumbe kwenye simu tukiwa kwenye boma, akausoma, akairudisha simu mfukoni, akaita mgonjwa anayefuata. Siku hiyo ndiyo niliyoanza kumheshimu.

Majibu yalitoka mabaya. Na mabaya yalikuwa upande mmoja. Zilizorudi kwa wingi zilikuwa za namna ya zamani. Yaani namna yake. Ile aliyowafundisha watu nchi nzima, ile aliyoifanya kwa mikono yake kabla sijamjua, wanawake wasiohesabika. Daktari Kijana alipoliona hilo alikuja kwangu Endasak, siku ya Jumapili, akakaa kwenye kigoda hapo nje. Akasema, "Mzee, nitampelekeaje?"

"Mpelekee kama ngozi."

Alipeleka. Nilikuwepo mlangoni. Mama wa Macho alisoma kurasa zote amesimama. Akarudi kwenye ule ukurasa wenye sentensi inayosema namna ya zamani haifai tena kufundishwa. Kijana alikuwa ameiandika kwa kuizunguka zunguka, "inaweza kufikiriwa kwamba", "huenda". Akachukua kalamu nyekundu, akakata huenda zote. Akamrudishia. "Inaweza kusomeka," akasema.

Baada ya hapo hakufanya tena ile namna ya zamani. Alijifunza mpya kutoka kwa mwanafunzi wake, kwa umri ule, akisimama upande wa kushoto wa kitanda kama wanavyosimama wanaojifunza. Jicho la kwanza aliliboronga. Kijana alimsahihisha kwa upole, naye akasema, "Usinibembeleze, sema nimekosea wapi." Mwaka uliofuata alistaafu.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka jana, baada ya mavuno. Anakaa Mbulu sasa, nje kidogo ya mji upande wa Endagikot, nyumba ndogo yenye bustani ya vitunguu. Nilipanda basi kwenda kumwona, sikumwarifu. Nilimkuta amekaa nje amefunga kanga kiunoni, anachambua maharage. Shikamoo. Marahaba. Hakusema karibu, alisogeza ungo tukachambua wote.

Aliniambia Daktari Kijana si kijana tena. Analea madaktari wake watatu, na mmoja ni mkaidi, kila wiki anampigia simu Mama wa Macho kulalamika. "Nimemwambia ampe chungwa," alisema. Nilicheka peke yangu. Nafasi ya nje alipata nyingine, baadaye sana, ndogo kuliko ile. Aliikubali.

Tukakaa. Kulikuwa na upepo wa baridi wa Mbulu ule. Akasema amechoka, nikamwambia najua. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Baba Paskali. Siku ile nisingekuuliza, ungesema?"

Mimi sijui kupamba. Nikamwambia, "Ningenyamaza, Mama. Mpaka kaburini. Namba zilikuwa nzuri, na zilikuwa zako."

Akachambua maharage mengine. Akatupa jiwe dogo pembeni.

"Yule Bibi Udageda," alisema, "nilimkata mimi. Nilimkata vibaya. Nilijua siku ileile, kabla sijafunga bandeji. Nilipoona fomu yake imeandikwa safi, nilijua kuna uongo. Siku ya kwanza tu karatasi zilipofika."

"Ulituita wiki ya tatu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unasoma, tuliambiwa."

"Sikuwa nasoma. Zilikuwa zimekaa mezani. Nilikuwa nazipita kwenda kunywa chai." Akasimamisha mikono. "Wiki tatu, Baba Paskali. Nilitaka ziwe kweli. Yule mtoto angeziwasilisha, angepata nafasi yake, na mimi ningestaafu na namna yangu. Wiki tatu nilikuwa naona inawezekana."

Sijamwambia Daktari hilo, na sitamwambia. Labda nilipaswa kusema kitu kikubwa pale, watu wa vitabu wangesema. Mimi nilimwambia, "Lakini uliuliza."

"Nilichelewa," alisema. "Andika hivyo. Ukiniandika siku moja, na najua utaniandika, usiniandike kama mtu aliyeuliza papo hapo."

Nimeandika.

Basi lilikuwa linaondoka saa nane, akaniwahisha mwenyewe mpaka barabarani, polepole, akiwa ameshika fimbo. Kulikuwa na ng'ombe wanakuja, akasimama nyuma yangu mpaka wakapita.

Hivi ndivyo nilivyo leo, kwa anayetaka kujua kazi ile iliniacha wapi. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati. Nina ekari sita Endasak, nne za mahindi na maharage, mbili za alizeti. Ng'ombe kumi na mmoja na mbuzi ambao idadi yao inabadilika. Pikipiki moja nzima na nyingine ya kutoa vipuri. Tanki la maji la lita elfu tatu. Mke mmoja, watoto watano, wote wamemaliza shule, mmoja ni muuguzi. Redio. Miwani ya kusomea. Jicho la kulia linaona vizuri, la kushoto kiasi. Cheti sina.